Siku Sita Nyuma ya Gunia la Taka: Kutoka Amu Hadi Malindi

Jumamosi, Langoni

Daftari hili nimelianza kwa sababu ya kijitabu chenye picha nzuri mno. Wiki iliyopita wakala mmoja wa mashine alifika Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, akaonana na wazee wa mtaa wetu na kuwaachia kijitabu chenye picha ya jengo jeupe lililozungukwa na maua, ambalo kwa maelezo yake humeza taka za mji zikiwa zimechanganyika vivyo hivyo, bila kuchambuliwa, likatoa umeme, mafuta na majivu kidogo yasiyo na madhara. Wazee wamenikabidhi mimi kijitabu hicho, kwa kuwa nilisomesha fizikia na kemia miaka mingi kabla ya kustaafu, na wanataka niwaeleze Ijumaa baada ya swala kama jambo hili ni la kuungwa mkono au la kuachwa. Nina siku sita. Ningeweza kuzimaliza barazani nikisoma, lakini nimeona ni afadhali nizifuate taka zenyewe.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa jirani, nikimngoja kijana mwenye punda. Mji wa kale wa Lamu, ambao uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro ambamo watu wawili wakipishana mmoja hulazimika kugeuza bega. Lori la taka halipiti humo, na kwa hiyo kila gunia linalotoka nyumbani hubebwa kwa mkono, kwa mkokoteni au mgongoni mwa punda hadi mahali ambapo chombo cha magurudumu kinaweza kufika. Kijitabu hakina neno juu ya safari hiyo. Maelezo yake yanaanzia pale ambapo taka zimekwisha fika kiwandani, kana kwamba zilijipeleka.

"Asalaam aleikum, Mwalimu," alinisalimu kijana, akapakia magunia pande zote mbili za shogi, nasi tukaondoka. Hatukufika mbali. Punda alisimama ghafla, akaingiza mdomo katika lundo lililobaki tangu jana na kuchomoa karatasi ya nailoni iliyogandiwa na wali. Kijana alimvuta kamba kwa nguvu kuliko nilivyotarajia kwa mtu mpole kama yeye. "Mwenzake alikufa kwa hii," akaniambia. "Alipopasuliwa, tumboni lilitoka fundo la nailoni kama mpira wa kuchezea. Ananusa chumvi na wali, Mwalimu, basi anameza chakula pamoja na mfuko wake." Mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kwa haki ni lazima nikiri kwamba pwani yetu imepata nafuu, lakini karatasi za mkate, za unga na za biskuti hazikuguswa na marufuku hiyo, na punda hajui sheria inaishia wapi.

Jaani tulikuta moshi. Mara nyingi moto wa namna hii hauwashwi na mtu anayetaka ubaya. Lundo hujipasha joto, kijiti cha kiberiti kikafanya yaliyobaki, nao ukaendelea kuvukuta chini kwa chini siku kadhaa. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kuchambua magunia kumi, na kwa kazi hiyo niliongozana na vijana wawili na mama mmoja ambaye riziki yake hutokana na kuokota chupa. Tulitandaza turubai, tukavaa glavu, tukamwaga gunia la kwanza.

Nimefundisha watoto kuhusu mchanganyiko na msombo kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini sikuwahi kuona mchanganyiko uliokaidi kama ule. Zaidi ya nusu ya uzito wa kila gunia ulikuwa wa vitu vilivyolowa: maganda ya ndizi na maembe, mabaki ya wali, vichwa vya samaki, majani ya chai, makumbi ya madafu yaliyofyonza maji kama sifongo. Kilichofuata kwa uzito sikukitarajia, nacho kilikuwa mchanga. Watu wa Amu hufagia nyumba na ua kila siku, na kila ufagio huleta mchanga na unga wa chokaa uliomeguka kutoka kutani. Plastiki ilijaza nafasi kubwa zaidi machoni, ila kwenye mizani ilikuwa nyepesi. Kisha nepi, tena nyingi, vitambaa, vigae vya vioo, makopo, na katika gunia la saba betri nne za redio zilizovuja.

Yule mama hakuhitaji mizani. Alikuwa akigusa chupa na kuitupa upande wake bila kuitazama, na nilipomwuliza anatofautishaje alinijibu kama anayemwelewesha mtoto: hii ya maji wananunua, hii ya mafuta ya kupikia wananunua kwa bei nzuri zaidi, hii ya mtindi hawaitaki kabisa. "Na zote ikiwa ni kavu na safi," aliongeza. "Ikiingia mchuzi wa samaki, bei inakufa." Niliyaandika maneno hayo daftarini, nikayapigia mstari.

Jumapili, kwa mafundi wa majahazi

Amu ina haki ya kujivuna kidogo katika jambo la plastiki. Hapa ndipo lilipoundwa Flipflopi, jahazi la mita 9 lililotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa, chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri takriban kilomita 500 hadi Zanzibar. Kiasi cha tani 10 za plastiki zilitumika, na ubavuni limevikwa vipande vya ndara zipatazo 30,000. Wageni hupiga picha zile rangi. Mimi nilitaka kujua habari za mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, na mataruma, yaani mbavu zake, kwa sababu pambo la nje halibebi uzito, na huko ndani ndiko plastiki ilikoambiwa ifanye kazi ya mti.

Fundi mmoja mzee anayeijua kazi hii alinikalisha juu ya gogo la plastiki jeusi, zito, lisilo na nyuzi, na akanieleza kwamba plastiki iliyosagwa huyeyushwa, ikasukumwa ndani ya kalibu, ikapoa na kutoka kama boriti, kisha hupigwa tezo na kutobolewa kwa keekee kama ubao wowote. "Lakini mti hukupa habari kabla ya kupasuka," alisema. "Huu hunyamaza. Na ukiuacha juani bila kuuegemeza, kesho unaukuta umepinda." Nilimwuliza kama wanaweza kuyeyusha plastiki yoyote ile. Alicheka, akanionyesha kipande kilichoharibika. Ndani yake mlikuwa na chembe nyeupe zisizoyeyuka, mfano wa mchele katika uji.

Sababu yake naijua. Polithini nzito ya madumu na vifuniko huyeyuka karibu na nyuzi 130 za Selsiasi, polipropilini ya ndoo na vikombe vya mtindi karibu na 165, na plastiki ya chupa za maji hungoja hadi ipite 250. Ukizitia zote katika pipa moja, ya kwanza huanza kuharibika kabla ya ya mwisho kuyeyuka. PVC ya mabomba ni mbaya zaidi, kwani ikipashwa joto hutoa gesi ya haidrojeni kloridi ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi, ikala chuma cha mashine na kifua cha anayeiendesha. Ikiwa plastiki peke yake, kabla hujaigusisha na kichwa cha samaki, inadai kuchambuliwa aina kwa aina, basi lile neno "zilizochanganyika" la kijitabu linahitaji maelezo marefu kuliko liliyopewa.

Usiku nimepiga hesabu, na msomaji anivumilie, kwa maana mwalimu hastaafu kabisa. Kilo moja ya maganda na mabaki ya chakula huwa na maji gramu 750 hivi. Gramu 250 zilizobaki zikiungua zitatoa kama megajuli 4 za joto. Lakini hakuna kitakachoungua mpaka maji yale yageuke mvuke, na kila kilo ya maji hudai zaidi ya megajuli 2.2 ili igeuke. Kwa hiyo gramu 750 zitakula karibu megajuli 1.7, na mkononi zitabaki mbili na kitu. Mwongozo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1999 kuhusu uchomaji wa taka unataka wastani wa mwaka usipungue megajuli 7 kwa kilo, na usishuke chini ya 6 katika msimu wowote. Plastiki kama ya madumu hutoa zaidi ya 40. Maana yake ni kwamba tanuri linalodai kula kila kitu huishi kwa plastiki, karatasi na mbao, na maganda yetu yanasafiri ndani yake kama abiria asiyelipa nauli. Mchanga nao haulipi, na juu ya hayo huyeyuka katika joto kali na kugandamana kama kioo kwenye kuta za tanuri.

Hapo nililiona jambo ambalo wakala hakuligusia. Tukiwapa mafundi na yule mama plastiki nzuri, mashine itashinda njaa. Tukiishibisha mashine, mafundi watakosa boriti na mama atakosa riziki. Haiwezekani kuwaahidi wote wawili gunia lile lile.

Kipimo nacho kina lake. Sensa ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Lamu, visiwa na bara, kuwa na watu 143,920. Wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, kwa takwimu za Benki ya Dunia za 2016, ni kilo 0.46 za taka kwa mtu kwa siku. Ukizidisha unapata tani 66 kwa siku, au kama tani 24,000 kwa mwaka, na hiyo ni endapo kila gunia kutoka Faza, Kiunga, Mpeketoni na Witu litafikishwa mahali pamoja. Mwongozo ule ule unasema kiwanda cha kuchoma kisijengwe kwa taka zinazopungua tani 50,000 kwa mwaka. Hatufikii hata nusu.

Jumatatu, barabarani

Nilivuka kwa boti hadi Mokowe maji yakiwa yamejaa, nikapanda basi la Malindi. Safari haikuwa na la ajabu isipokuwa vizuizi vya ukaguzi, jua, na abiria wa pembeni ambaye alinywa maji, akafungua dirisha, akaitupa chupa katika vichaka vya Witu, kisha akanigeukia na kuniuliza nakwenda Malindi kwa shughuli gani. Nilimwambia nakwenda kutazama taka. Akasema ni jambo zuri.

Kabla ya Malindi basi hupita juu ya daraja la Sabaki, na mvua ikiwa imenyesha bara, maji ya mto huwa mekundu kama chai ya maziwa. Mto huu watu wa bara huuita Athi, wa kati huuita Galana. Nao Mto Nairobi, ambao hupita kando ya jaa la Dandora lililoanza kutumika mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, humwaga maji yake humo humo. Chupa iliyotupwa Korogocho, jirani na jaa hilo, ina njia ya wazi kabisa ya kufika ufuo wa Mambrui bila nauli. Kwa hiyo hata Malindi ikijisafisha vizuri, itaendelea kupokea mzigo ambao haikumtuma mtu auagize, na hakuna mashine ya hapa itakayouzuia kule unakotokea.

Jumanne, Malindi

Leo ndiyo siku iliyonifaa kuliko zote. Nje kidogo ya mji nilimtembelea mama mmoja anayefuga mabuu ya nzi askari mweusi. Nilikwenda nikiwa na kinyaa, siwezi kukana, na nilirudi nikiwa na wivu. Mabanda yake ni ya makuti na wavu. Ndani kuna masanduku ya mbao yaliyojaa mabaki ya jikoni yanayotikisika yenyewe, na ukitega sikio unasikia mchakacho mdogo kama mvua inayoanza juu ya majani makavu. Hao ni mabuu wakila.

"Karibu, mzee wangu, usiogope, hawa hawaumi," alinitania. Nzi mzima wa aina hii hana haja ya kutua juu ya chakula cha watu, kwa kuwa katika siku zake chache za utu uzima huishi kwa akiba aliyoiweka alipokuwa buu. Jike hutaga mayai mia kadhaa, kisha hufa. Buu hula kwa muda wa wiki mbili hivi, na katika muda huo lundo la mabaki hupungua kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Mwishoni hukaushwa na kuuzwa kama chakula cha kuku na samaki, kwa sababu kiasi cha asilimia 40 ya uzito wake mkavu ni protini, na kinachobaki sandukuni ni mbolea ambayo wakulima wa mboga huifuata wenyewe.

Nyuma ya mabanda ana mtambo wa bayogesi wa mfuko mweusi mrefu, unaopokea kile ambacho mabuu hawakipendi. Maji yaliyokuwa adui wa tanuri katika hesabu yangu ya Jumapili, humo yanatakiwa, kwani vijidudu vinavyotengeneza methani hufanya kazi katika tope lisilo na hewa. Tani moja ya mabaki ya chakula inaweza kutoa kama mita za ujazo 100 za gesi, na zaidi ya nusu yake ni methani inayowaka jikoni. Vijidudu hivyo hivyo hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya jaa, ila kule gesi hupotea hewani, na kila kilo yake hupasha dunia joto mara 28 kuliko kilo ya kabonidioksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Kwa kuondoa maganda tu jaani, hata bila kugusa chupa moja, mji hupunguza zaidi ya nusu ya mzigo, hupunguza moshi, na humpokonya kunguru chakula chake.

Nilimwuliza shida yake kubwa ni ipi, nikitarajia aseme mtaji. Alisema ni ndoo. Jikoni za hoteli humpa mabaki bure, na wengine hata humlipia usafiri, lakini ndani ya ndoo mna vijiti vya meno, karatasi za alumini, vipande vya bilauri, vifuniko. Siku moja alipokea ndoo ambayo mtu alikuwa amemwagia dawa ya kusafishia sakafu, naye kwa haraka akaimimina sandukuni. Asubuhi sanduku zima lilikuwa kimya. Tangu hapo huchambua kila ndoo kwa mkono mwenyewe kabla ya jua kuchomoza. Hoteli moja iliyokataa kutenganisha ameiacha, ingawa ilikuwa na mabaki mengi kuliko zote.

Usiku huu, katika nyumba ya kulala wageni yenye intaneti ya kusitasita, nimesoma habari za waliotutangulia. Si haki kusema teknolojia hizi ni uongo. Addis Ababa ilifungua kiwanda cha Reppie Agosti 2018, kilichoundwa kuchoma tani 1,400 kwa siku na kutoa umeme, kando ya jaa la Koshe ambalo Machi 2017 liliporomoka na kuua watu zaidi ya 100. Mji ule una mamilioni ya watu na mzigo wake unatosha kulisha tanuri la namna hiyo. Sisi na tani zetu 66 tungeshinda tukilizima na kuliwasha, na tanuri likiwashwa na kuzimwa ndipo hutoa sumu, kwa kuwa dioksini, ambayo ndiyo sumu yenyewe, huhitaji moshi ukae katika nyuzi 850 au zaidi kwa sekunde mbili ili iharibike.

Mashine ya kijitabu, hata hivyo, haisemi inachoma. Inasema inageuza taka kuwa gesi kwa kuzipasha joto katika hewa kidogo mno, au kuwa mafuta kwa kuzipasha bila hewa kabisa. Njia hizi zinafanya kazi vizuri kwa chipsi za mbao na kwa plastiki safi ya aina moja. Kwa taka za mji, gesi hutoka na lami na vumbi, lami huganda katika mabomba, na unyevu wa leo usiofanana na wa jana huvuruga joto la mtambo. Mji wa Edmonton nchini Kanada, ambao hausemwi kuwa na upungufu wa wahandisi wala fedha, ulizindua mwaka 2014 kiwanda cha kugeuza taka kuwa methanoli na ethanoli, kilichokusudiwa kufikia lita milioni 38 kwa mwaka. Kilifungwa mwaka 2024 bila kufikia kiwango hicho. Uingereza, katika bonde la Tees, kampuni kubwa ya gesi iliacha mwaka 2016 mitambo miwili mipya ya kugeuza taka kuwa gesi kwa plazma, yaani gesi iliyopashwa joto kali mno kwa umeme. Hampden, katika jimbo la Maine nchini Marekani, kiwanda kilichopokea taka zilizochanganyika kutoka miji mingi kilianza kazi 2019 na kufunga milango Mei 2020, na miji ile ikarudi kutafuta jaa. Taka zao ni kavu kuliko zetu.

Jumatano, Watamu

Asubuhi nilishuka Watamu kwa matatu. Huko wakazi, wenye hoteli na vikundi vya ufuoni wamezoea kwa miaka mingi kukusanya plastiki ya baharini na kuinunua kwa waokotaji, na jumuiya ya Watamu Marine Association ina kituo chake cha kazi hiyo. Niliyoyaona yanaeleweka kwa haraka: mizani, ubao wa bei, milima ya chupa kwa aina zake, na mashine ya kusaga yenye kelele ya kuumiza meno. Shida ya biashara hii ni kwamba chupa tupu ni hewa. Lori linaloondoka kwenda Mombasa likiwa na chupa zisizobanwa limebeba upepo wa Watamu na kuulipia mafuta. Ndiyo maana mashine ya kubana au ya kusaga, ambayo haina picha ya maua kuizunguka, huamua kama mwokotaji atalipwa au hatalipwa. Kwetu Amu, ambako kila kilo lazima kwanza ipande chombo cha maji, jambo hili ni zito maradufu.

Nilimwomba kijana wa pale anionyeshe wasichoweza kumwuzia mtu yeyote. Alinipeleka nyuma ya ukuta. Lundo lilikuwa la nepi, vitambaa, viatu vilivyogundishwa kwa aina tatu za gundi, na vifungashio vya vitafunio ambavyo ndani vina karatasi ya alumini iliyobanwa na plastiki mbili. Hilo ndilo lundo ambalo ningemwonyesha wakala, kwa heshima. Masalio haya makavu yakisagwa yanaweza kuwa kuni za tanuri la saruji, ambalo kwa vyovyote huendeshwa katika nyuzi 1,450 hivi, na pengine siku moja mtambo mdogo wa joto utakuwa na kazi halali juu yake. Lakini ni masalio, yaani kinachobaki baada ya wengine wote kupata haki yao, na kiasi chake ni sehemu ndogo ya gunia lililonipokea Jumamosi.

Alhamisi, kurudi Amu

Nilimpigia simu wakala tukiwa tumesimama Garsen. Nilimwuliza swali moja: taka walizozitumia kuijaribu mashine zilikuwa na unyevu wa asilimia ngapi? Alikuwa mtu wa adabu, alitaka kwanza kujua habari za wazee na za safari. Kisha akasema kwamba takwimu za kijitabu ni za taka zilizokaushwa hadi chini ya asilimia 20, zikiwa zimeondolewa vioo, vyuma na mchanga. Nikamwuliza nani hukausha. Akajibu kwamba kikausho kipo, ni mtambo mzuri sana, hutumia dizeli, na huuzwa peke yake. Na nani huondoa mchanga? Mtandao ulikatika hapo, na tulipofika Hindi sikuona haja ya kumpigia tena.

Mokowe maji yalikuwa yamepwa, ikabidi tushuke gatini kwa uangalifu na kungoja boti kwa muda. Niliutumia muda huo kuandika nitakayowaambia wazee. Nitawaambia tusitie sahihi ya kuiunga mkono mashine hii. Nitawaambia pia kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 tayari inaitaka kila nyumba na kila duka litenge taka zinazooza na zisizooza, na inazitaka kaunti zijenge vituo vya kuchambulia. Kwa hiyo hatuombi fadhila tukitaka kijana wa punda apewe shogi lenye upande mmoja wa maganda na upande mmoja wa vitu vikavu. Nitaomba fedha ambazo zingelipia upembuzi yakinifu wa ile mashine zinunulie mtaa mmoja, Langoni, masanduku ya mabuu kumi na mashine moja ya kubana, na tupime kwa miezi mitatu. Mzee mmoja atauliza nani atawafundisha watu kutenga, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Nyumbani nilikuta jambo nililokuwa nimelisahau. Jumamosi kabla ya kuondoka nilimwomba binti wa jirani aweke ndoo mbili mlangoni kwa nyumba zetu nne, nyekundu kwa maganda na buluu kwa vitu vikavu, na aandike kila siku nani amekosea. Karatasi yake ilikuwa imejaa. Siku ya kwanza nyumba tatu zilikosea, siku ya pili mbili, jana hakuna aliyekosea ila mimi, kwa maana mke wangu alitupa betri ya saa yangu katika ndoo ya buluu. Leo ndoo zote mbili zilikuwa safi, na kati yake, juu ya ngazi, mtu alikuwa ameweka nepi moja iliyofungwa vizuri katika gazeti. Nilimwuliza binti ni ya nani. "Ya mama Amina, babu," akasema. "Amesema aliitazama ndoo hii, akaitazama na hii, akaona haina ndoo."